Fahamu jinsi sarufi inavyoiwezesha kompyuta kutambua na kuchora picha

SARUFI, somo ambalo wengi hulikumbuka kwa kuchambua kiima na kiarifu darasani, ina kazi nyingine isiyofahamika sana: kuiwezesha kompyuta kuitambua picha, na hata kuichora.

Msingi wake uliwekwa katika miaka ya 1950 na mwanaisimu wa Marekani, Noam Chomsky, aliyeonyesha kuwa kanuni chache zinaweza kuzalisha sentensi zisizo na idadi. Wanasayansi wakajiuliza iwapo picha nayo haiwezi kuchukuliwa kama sentensi, ambayo maneno yake ni mistari na mipinde.

Mwaka 1964, Robert Ledley, pia wa Marekani, alilitumia wazo hilo kwa kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli. Binadamu kwa kawaida ana kromosomu 46, na kuzidi kwa moja tu huweza kusababisha mtoto azaliwe na hali ijulikanayo kama Down. Kuzikagua kwa macho kupitia hadubini ilikuwa kazi ndefu na ya kuchosha.

Katika mfumo alioueleza Ledley, kompyuta hufuata ukingo wa kromosomu na kuugawa katika vipande, kisha kila aina ya kipande hupewa herufi yake. Mfuatano wa herufi ukikubaliana na kanuni, aina ya kromosomu hujulikana.

Kwa upande wa kuchora, mwanabiolojia mzaliwa wa Hungaria, Aristid Lindenmayer, alibuni mwaka 1968 sarufi ya ukuaji wa mimea, ambamo herufi zote hubadilika kwa pamoja. Kwa mfano, A ikigeuka AB, na B ikigeuka A, hupatikana AB, kisha ABA, kisha ABAAB. Herufi zikipewa maana ya kuchora mstari au kugeuka upande, huchomoza matawi na majani.

Hata hivyo, njia hii ina udhaifu: doa dogo katika picha huweza kuivuruga "sentensi" nzima. King-Sun Fu wa Chuo Kikuu cha Purdue, aliyefariki mwaka 1985, alitafuta ufumbuzi kwa kuzipa kanuni viwango vya uwezekano.

Leo utambuzi mwingi wa picha hufanywa na programu zinazojifunza zenyewe kutokana na mifano mingi. Lakini programu hizo mara nyingi hutoa jibu bila kuonyesha zimelifikiaje, ilhali sarufi huonyesha kila hatua. Kwa daktari anayepaswa kumweleza mgonjwa sababu ya majibu yake, tofauti hiyo si ndogo.