Hatua Zisizo na Wino: Hakimiliki na Ujira wa Mtunzi wa Ngoma

Dodo, ngoma ya wanawake wa Kijaluo, imerithishwa kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Sindo na kwingineko, kwa jicho na mguu wala si kwa kalamu. Fanani hujifunza kwa kutazama. Akiongeza hatua yake, hadhira ndiyo huikubali au kuikataa. Sheria ya hakimiliki, kwa upande wake, ilizaliwa katika utamaduni wa maandishi. Tofauti hii ndiyo chanzo cha utata wa malipo.

Mkataba wa Berne uliporekebishwa mjini Berlin mwaka 1908, utungaji wa ngoma ulitajwa miongoni mwa kazi zenye kulindwa, ila kwa sharti kwamba miondoko yake ihifadhiwe kwa maandishi au kwa njia nyingine. Huko Stockholm, mwaka 1967, sharti hilo liliondolewa, kila nchi ikaachiwa hiari. Kenya ilikwisha kushika njia ya maandishi: Sheria ya Hakimiliki ya 1966, na ile ya 2001 iliyochukua nafasi yake, zote zilidai kazi iandikwe, inaswe au iwekwe katika umbo linaloshikika.

Athari zake ni dhahiri. Mwalimu wa Sindo anayeipangia dodo mistari na mizunguko mipya kwa ajili ya mashindano ya shule hana dai ikiwa hakuna kanda wala maandishi. Kikundi kingine kikiicheza mbele ya watalii, wachezaji hupata ujira wa jioni. Aliyebuni huondoka mikono mitupu.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, iliagiza itungwe sheria ya kuzipatia jamii fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao. Sheria Na. 33 ya 2016 ilitekeleza agizo hilo: inalinda ngoma za jadi bila kudai maandishi, na serikali za kaunti zimepewa jukumu la kuweka daftari. Hapa mizani imeinamia upande wa pili. Jamii imetambuliwa kuwa mwenye mali, lakini mtunzi amezama ndani yake. Wahakiki wa fasihi simulizi wanaujua mtego huu: tungo ziliitwa mali ya wote, majina ya mafanani yakapotea. Haki itakamilika pale daftari la kaunti litakapobeba majina mawili, la jamii iliyorithisha na la aliyetunga, na malipo yakagawanywa baina yao.