Jinsi Mashine ya Michezo Ilivyogeuka Chumba cha Sinema

SOMO LA HISTORIA

  Kaeni vizuri na mweke kalamu tayari.

Leo tutasoma habari za vyombo viwili vilivyozaliwa mbalimbali, kisha vikakutana sebuleni. Cha kwanza ni ukanda wa picha za nyumbani: picha za arusi, za mtoto anayeanza kutembea, za babu akisimulia mambo ya zamani. Cha pili ni mashine ya michezo ya televisheni, ile ambayo vijana mitaani huiita gemu. Labda mtauliza, "Mchezo wa vijana una habari gani na historia?" Basi sikilizeni. Katika habari hii kuna swali kubwa, nalo ni hili: ni nani mwenye amri juu ya picha zinazoonekana nyumbani mwako?

Tuanze na picha. Mwaka 1923 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza kamera ya sinema kwa ajili ya watu wa nyumbani. Ukanda wake ulikuwa na upana wa milimita 16. Gharama ilikuwa kubwa, kwa hiyo mwaka 1932 kampuni hiyo ikaleta ukanda mwembamba zaidi, wa milimita 8. Mtu aliyetaka kuondoa kipande kibaya alikikata kwa mkasi, kisha akaziunga ncha mbili kwa gundi. Kazi hiyo ya kuchagua, kukata na kuunga ndiyo tunayoiita kuhariri. Ilitaka macho makali, mkono mtulivu na subira nyingi.

Baadaye ikaja kanda ya video. Mwaka 1975 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa deki iliyoitwa Betamax. Mwaka uliofuata kampuni ya JVC, nayo ya Japani, ikatoa deki ya VHS. Sasa mtu aliweza kunasa kipindi cha televisheni na kukitazama saa aipendayo mwenyewe. Wenye sinema huko Marekani walikasirika, wakaishitaki Sony. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kunasa kipindi nyumbani ili kukitazama baadaye si kosa. Majaji 5 walikubali, na 4 walikataa. Tazameni jinsi jambo lile lilivyoponea chupuchupu!

Lakini kuhariri kanda ya video kulikuwa na taabu yake. Mkasi haukufaa tena. Ilibidi kuwa na deki mbili: moja icheze, nyingine inase vipande vilivyochaguliwa. Tena kila nakala ilififia kuliko ile iliyoitangulia, na nakala ya nakala ilififia zaidi. Ni kama habari ipitayo kinywa kwa kinywa: ikifika kwa mtu wa kumi, imekwisha kubadilika.

Tuiache kanda hapo, tukitazame chombo cha pili.

Palikuwa na fundi mmoja, jina lake Ralph Baer. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika jamaa ya Kiyahudi, na mwaka 1938 jamaa yake ilikimbilia Marekani. Mwaka 1966 Baer aliwaza hivi: nyumba nyingi zina televisheni, lakini watu hawana la kufanya ila kukaa na kutazama tu yale wanayoletewa. Je, haiwezekani mwenye nyumba naye akaiamuru televisheni yake? Kutokana na wazo hilo ikatoka mashine ya Odyssey, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972. Ilikuwa haina sauti. Kwenye kioo yalionekana madoa ya mwanga tu, na ili kupata rangi, watu walibandika karatasi za plastiki juu ya kioo cha televisheni. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mtu alinunua mashine, akaipeleka nyumbani, na kitu kwenye kioo kikaufuata mkono wake.

Sasa tuone vyombo hivi vilivyokutana. Kilichoviunganisha ni tarakimu. Katika kanda za zamani picha iliwekwa kama alama za sumaku zinazopanda na kushuka. Katika mashine mpya picha hugeuzwa kuwa tarakimu, 0 na 1 tu. Mwenye kunakili tarakimu kwa usahihi hapotezi kitu: 1 hubaki 1 hata katika nakala ya mia. Mwaka 1995 kamera ndogo za nyumbani za namna hiyo zilianza kuuzwa. Mwaka 1996 diski za DVD zikaanza kuuzwa Japani. Na michezo pia ni tarakimu! Kwa hiyo mashine iwezayo kusoma mchezo katika diski haiko mbali na kusoma sinema.

Tarehe 4 Machi 2000, Sony ilitoa PlayStation 2 huko Japani kwa yeni 39,800. Mashine hiyo ilicheza michezo, tena ilionyesha DVD. Watu wengi walioinunua walipata mashine yao ya kwanza ya DVD, nao hawakulipa zaidi. Mashine za kwanza zilikuwa hata na tundu la waya la namna ileile iliyokuwa katika kamera za tarakimu. Lakini tundu hilo halikutumika sana, na baadaye likaondolewa. Mlango ulikuwapo, waliopita walikuwa wachache.

Mwezi Desemba 2003 Sony ilijaribu tena, ikauza mashine iitwayo PSX. Hii ilikuwa na michezo ya PlayStation 2, pamoja na diski kubwa ya ndani ya kunasia vipindi. Mtu aliweza kuhariri alichonasa na kukiandika katika DVD. Lakini bei yake ilianzia yeni 79,800, nayo iliuzwa Japani tu. Wanunuzi hawakuwa wengi.

Ikafuata PlayStation 3, mwaka 2006. Mtu aliweza kutia ndani yake video za kamera yake na kuzitazama pamoja na jamaa. Mwaka 2010 ikaletwa programu ya kuhariri. Mtu alikaa kwenye kiti chake, akashika pedi ileile ya kuchezea mpira, akakata na kuunga picha za watoto wake. Kazi ya mkasi na gundi sasa ilifanywa kwa kubonyeza vitufe.

Basi, je, wazo la Baer limetimia? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Lakini sikilizeni vizuri sehemu hii, maana ndiyo yenye faida kwenu. Mashine hufa. PlayStation 2 iliacha kutengenezwa mwaka 2013. Kampuni ya mwisho iliyotengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Na PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020, aina yake moja haikuwa na mahali pa kutia diski kabisa. Kanda ya arusi iliyo kabatini haina faida ikiwa hakuna deki ya kuichezesha. Na kanda yenyewe huchakaa, hata isipoguswa.

Kwa hiyo, ndugu, usidhani kwamba kumbukumbu imepona kwa kuwa imefungiwa. Kumbukumbu hupona kwa kuhamishwa, kutoka chombo kizee kwenda chombo kipya, kabla cha kwanza hakijafa. Kama una kanda ya wazee wako, mtafute fundi mwenye deki nzima aihamishe sasa, uweke nakala mbili mahali pawili. Mashine zaweza kununuliwa tena. Sauti ya babu hainunuliwi.

Maneno mapya
Kuhariri: kuchagua, kukata na kuunga picha au maandishi.
Kufifia: kupoteza rangi, nguvu au mwanga.
Tarakimu: alama za kuandikia hesabu, kama 0 na 1.

Maswali
1. Kwa nini nakala ya kanda ya video ilififia, lakini nakala ya tarakimu haififii?
2. Ralph Baer aliwaza nini juu ya televisheni mwaka 1966?
3. Zungumzeni darasani: ni kumbukumbu gani nyumbani kwenu inayotaka kuhamishwa upesi?

Kwaherini, hata somo lijalo.