Rabai: Kanisa la Watoro

Katika vitabu vya shule, Rabai hutajwa kwa ajili ya milima. Hapa ndipo mmisionari Johannes Rebmann alipoanzia safari iliyomfikisha mbele ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848, na kutoka hapa mwenzake Ludwig Krapf alikwenda Ukambani akauona Mlima Kenya mwaka uliofuata. Waliposema wameona theluji, wataalamu wa Ulaya wakawabishia kwamba theluji haikai karibu na ikweta. Lakini kilima hiki cha Warabai, nyuma ya Mombasa, kina historia nzito kuliko hiyo, nayo ni ya watu walioilipia Injili kwa miili yao.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo homa ilimuua mkewe, Rosine, na binti yao mchanga akafuata. Aliwazika upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, mwenyewe akiwa hoi kwa homa, kisha akaiandikia kamati ya Church Missionary Society kwamba kaburi lile ni ishara kuwa kazi imeanza. Mtu mwingine angeomba ruhusa ya kurudi kwao. Miaka miwili baadaye yeye na Rebmann walipanda Rabai, na wazee wa kaya, makazi ya jadi ya Warabai, wakawapokea. Ukarimu wa wazee hao hatuupi uzito unaostahili. Wageni wale hawakuwa na jeshi wala afya, na bila idhini ya kaya wasingesimamisha hata nguzo moja.

Mavuno yalikuwa haba mno. Mringe, mwamini wao wa kwanza, alikuwa kiwete, naye alibatizwa akiwa kwenye kitanda cha mauti. Krapf aliondoka 1853, mwili umemshinda. Rebmann alibaki, akafiwa na mtoto na mke, akapofuka, na alipoondoka mwaka 1875, baada ya miaka karibu 29, Wakristo wa Rabai walikuwa wachache sana.

Wakati huo walikwisha kufika watu wengine, na kwangu hao ndio wajenzi hasa wa kanisa hili. Tangu mwaka 1864 walikuja William Jones, Ishmael Semler na George David, Waafrika waliookolewa utumwani wakiwa watoto na kulelewa Nasik, India. Walikijua kilio cha mtumwa bila kusimuliwa. Habari zilipoenea mashambani kwamba Rabai kuna watu wanaofundisha na hawampigi mtu mnada, watumwa watoro walianza kuja, na Jones akawapokea. Lilikuwa jambo la hatari. Sheria ya pwani ilimhesabu mtoro kuwa mali ya bwana wake, na misheni ilikwisha kuonywa isiwahifadhi. Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, Wakristo walioishi pamoja na watoro walishambuliwa, na kiongozi wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Rabai nayo ilitishwa mara kwa mara.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa Jones ushemasi, na Julai wakaondoka Rabai pamoja na msafara wa wapagazi kuelekea Uganda. Kule Kavirondo, Hannington alitangulia na watu wapatao 50, akamwacha Jones na waliosalia. Mwezi Oktoba askofu na karibu wote aliokuwa nao waliuawa Busoga. Jones alisubiri, akapata habari, akawarudisha waliobaki hadi Rabai, wakifika Februari 1886 na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Jina la askofu limo katika kalenda ya kanisa. Wapagazi waliokufa naye hawasomwi kwa majina siku ya kumbukumbu yake, ingawa waliimwaga damu ileile.

Jones alirudi kwa watoro wake. Kufikia 1888 idadi yao haikuweza kufichika tena, na wenye watumwa walidai warudishiwe mali yao. George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa alikubali kuwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru ziligawiwa Rabai. Waliokombolewa hapa na katika misheni nyingine za jirani walikuwa takriban 1,400. Fidia waliipata mabwana; watumwa hawakulipwa chochote kwa miaka waliyofanyishwa kazi. Wengi waliishika hati, wakabaki palepale kilimani kulima, kuoana na kubatiza watoto wao.