"Nimeibiwa": Sheria inauitaje uhalifu, na unahesabiwaje? Mambo ya msingi kwa mkazi wa Soga

Mtu akipokonywa simu nje ya stesheni, akiamka akakuta mlango wa stoo umevunjwa, au akiuziwa kiwanja ambacho tayari kina mwenyewe, kauli yake huwa moja: "Nimeibiwa." Kwa polisi na mahakama, hayo ni makosa matatu tofauti. Kila moja lina kifungu chake, ushahidi wake na adhabu yake.

Tofauti hiyo haiwahusu mawakili peke yao. Soga ni kata iliyopo Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 14, 2024, Soga ilikuwa moja ya stesheni zake, kati ya Pugu na Ruvu. Sehemu ikipata stesheni hupata pia wageni, boda boda, maduka na wanunuzi wa viwanja. Halafu linakuja swali: usalama umeshuka, au ni watu tu wameongezeka?

Uhalifu ni nini?

Kwa lugha ya sheria, uhalifu ni kitendo ambacho sheria imekitaja kuwa kosa na kukiwekea adhabu. Si kila jambo baya ni jinai. Kuvunja ahadi ya ndoa au kuchelewesha deni kunaweza kuumiza, lakini peke yake hakumpeleki mtu jela.

Sheria mama ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iliyoanza kutumika mwaka 1945 na kurekebishwa mara nyingi. Kwa makosa mengi, upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha mambo mawili: kitendo chenyewe, na nia ovu. Aliyebeba begi la mwenzake kwenye treni akidhani ni lake amefanya kitendo, ila nia ya kuiba hana.

Mambo mengine ya kukumbuka:

- Kutojua sheria si utetezi.
- Mtoto chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai.
- Katiba, ibara ya 13(6), inasema mtu asichukuliwe kuwa mkosaji mpaka ithibitike ana hatia.
- Kesi ya jinai huthibitishwa pasipo kuacha shaka ya msingi.

Wizi si unyang'anyi

- Wizi: kuchukua mali ya mtu kwa nia ovu, bila haki. Simu iliyochomolewa mfukoni bila mwenyewe kushtuka inaangukia hapa.
- Unyang'anyi: wizi unaoambatana na nguvu au vitisho. Mtu akipigwa ili aachie simu, kosa limepanda daraja. Kifungo kinaweza kufika miaka 15.
- Unyang'anyi wa kutumia silaha: pakitokea panga, kisu au bunduki, kifungo ni miaka isiyopungua 30.
- Uvunjaji: kuvunja na kuingia ndani ya nyumba kwa nia ya kutenda kosa. Mchana kifungo kinaweza kufika miaka 14. Usiku, miaka 20.
- Kupokea mali ya wizi: anayenunua simu ya bei ya kutupa huku akijua imeibiwa naye ana kesi.

Ndiyo maana polisi huuliza maswali yanayoonekana ya usumbufu: walikuwa wangapi, walishika nini, ilikuwa saa ngapi. Jibu moja linaweza kubadilisha shtaka zima.

Kiwanja: jinai au madai?

Hapa ndipo wengi hupotea. Muuzaji akijua fika kwamba eneo si lake, akaonyesha karatasi za uongo na kula hela, anaweza kushtakiwa kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Hiyo ni jinai.

Ila watu wawili wakiwa kila mmoja anaamini eneo ni lake, unakuta mmoja anakimbilia polisi kumshtaki mwenzake kwa kuingia kwa jinai. Mahakama Kuu, katika uamuzi uliochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1992, ilisema shtaka hilo haliwezi kusimama wakati umiliki wa ardhi bado unabishaniwa. Kwanza ijulikane mwenye ardhi ni nani, na hilo huamuliwa kwenye mabaraza na mahakama za ardhi. Anayeanza na mlango usio wake anaweza kupoteza miezi huku mwenzake anaendelea kujenga.

Kwa nini uhalifu unatokea pale na si hapa?

Hilo ndilo swali la taaluma ya uhalifu. Zamani baadhi ya wataalamu waliamini mhalifu anazaliwa. Mwitaliano Cesare Lombroso, kwenye kitabu chake cha mwaka 1876, alidai wanatambulika hata kwa sura. Wazo hilo limeshakataliwa.

Mwaka 1979 Wamarekani Lawrence Cohen na Marcus Felson walitoa maelezo mepesi zaidi. Walisema uhalifu hutokea vitu vitatu vikikutana: mtu aliye tayari kutenda, kitu kinachovutia, na kukosekana kwa mlinzi. Mlinzi si lazima awe askari. Taa, jirani aliye macho, au muuza chipsi aliyezoea kuona nani anapita naye ni mlinzi.

Kwa Soga, maelezo haya yanagusa mambo ya kila siku: njia ya kutoka stesheni usiku, nyumba ambayo haijaisha na mwenyewe anaishi Dar, mabati na nondo zilizoachwa nje. Ukiondoa kimoja kati ya vile vitatu, tukio linakuwa gumu kutokea.

Namba zinatoka wapi?

Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hutoa ripoti za hali ya uhalifu. Makosa makubwa hugawanywa katika makundi matatu: dhidi ya binadamu, ya kuwania mali, na dhidi ya maadili ya jamii.

Idadi ya matukio peke yake inaweza kudanganya. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 kwenye sensa ya 2012, na watu 2,024,947 mwaka 2022. Tuseme, kwa mfano tu, matukio fulani yalikuwa 1,000 mwaka 2012 na yakafika 1,500 mwaka 2022. Kichwa cha habari kitasema uhalifu umepanda kwa nusu. Ukigawa kwa idadi ya watu, ni kutoka matukio 91 kwa kila watu 100,000 hadi 74. Hatari kwa mtu mmoja imeshuka.

Kwenye kata yenye stesheni kuna mtego mwingine: abiria anayeibiwa akipita anaongeza matukio, lakini hayumo kwenye idadi ya wakazi.

Pia, makosa kama bangi na gongo huonekana zaidi polisi wakifanya msako. Namba ikipanda, huenda kilichopanda ni msako wenyewe.

Uhalifu usioandikwa

Takwimu za polisi huhesabu kilichofika polisi. Wengi hukaa kimya: simu ilikuwa ya bei ndogo, kituo kiko mbali, mtuhumiwa ni ndugu, au aibu. Kwa sababu hiyo watafiti huenda pia nyumbani kwa watu na kuwauliza. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walishawahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Hakuna kitabu cha kituo chochote chenye picha hiyo.

"Wananchi wenye hasira kali"

Baadhi hukwepa kituo na kumaliza mambo papo hapo. Kisheria, mwizi aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Akipigwa mpaka afe, kesi ya simu inageuka kesi ya mauaji, na adhabu ya mauaji ya kukusudia kwenye Kanuni ya Adhabu ni kunyongwa. Aliyepiga, aliyeleta tairi na aliyehamasisha, wote wanaweza kusimama kizimbani pamoja.

Tukio likitokea

- Liripotiwe mapema kituoni na namba ya RB ichukuliwe.
- Aliyejeruhiwa aombe fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu na ushahidi.
- Risiti, namba ya IMEI ya simu na majina ya mashahidi vihifadhiwe.
- Mtuhumiwa anayestahili dhamana ya polisi hailipii. Dhamana ni bure.

RB haihakikishi kwamba simu itarudi. Lakini tukio lisiloandikwa halimo kwenye hesabu, na siku kata ikiomba doria, taa au kituo cha polisi, hesabu hiyo ndiyo itakayoangaliwa.