Ndururu ya mfalme aliyeachia kiti

Si ajabu, katika nyumba ya mzee wa Sigor, kukuta mkebe wa zamani wenye ndururu (senti tano) na peni (senti kumi) za tundu. Tangu simu zianze kuleta matangazo ya watu wanaodai kununua pesa za mkoloni kwa mamilioni, mikebe hiyo haipumziki. Vijana huzipindua sarafu wakisaka kasoro: tundu lililokaa upande, tarehe iliyofifia, herufi iliyopigwa mara mbili. Wengi wao wanahangaikia sarafu isiyo na kitu.

Chukua zile za 1936. Mfalme George wa Tano alifariki Januari mwaka huo, mwanawe Edward wa Nane akarithi, na Desemba akaachia kiti ili amwoe Mmarekani Wallis Simpson. Kule Uingereza, pesa zenye kichwa chake hazikuwahi kuingia madukani. Lakini ndururu na peni za Afrika Mashariki hazikuwa na kichwa cha mtu. Upande mmoja palikuwa na taji juu ya tundu na jina la mfalme kwa Kilatini; upande wa pili pembe za ndovu zimelikumbatia tundu. Kubadilisha jina kulitosha. Kwa hiyo mfanyakazi wa shamba la chai Kericho aliweza kulipia chumvi kwa pesa ya mfalme ambaye Mwingereza wa London hakuwahi kumtia mfukoni.

Kisa kitamu, na ndicho kinachowaponza wauzaji. Sarafu za EDWARDVS VIII zilitolewa kwa mamilioni, na wakusanyaji wa ng'ambo huzinunua kwa dola chache tu. Jina la mfalme wa ajabu si kosa la kiwanda.

Kosa lenyewe lilitokea mwaka huohuo. Baadhi ya sarafu zetu zilipigwa Birmingham katika kiwanda cha Heaton, ambacho alama yake ni herufi ndogo H. (KN ni Kings Norton, zisizo na herufi zilitoka kiwanda cha kifalme cha London.) Heaton ilipiga pia peni ya Afrika Magharibi, nayo yenye tundu. Mihuri ya chuma ikachanganywa, na vibati kadhaa vikatoka na upande mmoja wa senti kumi zetu na upande mwingine wa peni ya Afrika Magharibi. Orodha za wakusanyaji zinaitambua sarafu hiyo, na bei yake huiacha mbali ndururu ya kawaida. Shida ni kwamba ukiitazama haraka, taji ni lilelile. Lazima uigeuze.

Hapo ndipo penye elimu yote ya kazi hii: ujue sarafu ilivyotengenezwa. Tundu lilitobolewa kwanza kwenye kibati kitupu, ndipo mihuri ikakibana pande zote mbili. Kwa hiyo tundu la kiwandani lililokwenda kombo lina ukingo laini, na madini yamejikunja kulifuata. Likiwa limekata taji na kuacha makali, hiyo ni kazi ya msumari wa fundi aliyetaka kidani. Zipo pia zilizoponyoka kutobolewa, nazo hutafutwa sana. Na kwa kuwa hutafutwa, wajanja huziba tundu kwa risasi au shaba. Iweke kwenye mizani ya sonara kando ya nduguye wa mwaka uleule: isiyotobolewa lazima iwe nzito zaidi. Kisha ichunguze kwa kioo cha kukuzia. Kiraka huacha mstari wa duara, hata kikisuguliwa vipi.

Kuchakaa nako si kosa. Senti za alumini za 1907 na 1908, miongoni mwa sarafu za kwanza duniani za madini hayo, zililiwa vibaya na unyevunyevu hata serikali ikahamia mchanganyiko wa shaba na nikeli. Vidoti na mashimo yake ni kutu tu. Na tafadhali usiisugue sarafu kwa majivu au steelwool ing'ae: mnunuzi anayejua mambo atashusha bei papo hapo, maana mikwaruzo haifutiki. Na kati ya hao wanaotangaza kwenye simu, yule anayekutaka utume ada ya usajili kwanza si mnunuzi.

Kuna swali moja ambalo vijana huuliza sana kuhusu shilingi za mwanzo za Kenya, zile za 1966 hadi 1968: mbona maandishi yaliyozunguka kichwa cha Mzee Kenyatta hayapo? Wanadhani muhuri ulisahau. Haukusahau kitu. Maneno ya kumtaja kuwa rais wa kwanza yaliongezwa mwaka 1969, na kabla ya hapo kila shilingi ilitoka hivyo, upande huo ukiwa na uso wake pekee.