Helikopta za Soroti zilizopotelea Mlima Kenya, Agosti 2012

Historia ya safari hii si ya mbali. Ilianzia Soroti, mji ambao ukitoka Mbale ni kama kilomita mia moja tu, ikaishia kwenye mawingu ya Mlima Kenya. Wengi wetu tulikuwa wadogo ilipotokea, na wengine tulikuwa hatujafika Uganda. Ndiyo maana tunaiandika.

Tuanze na siku yenyewe. Jumapili, tarehe 12 Agosti 2012. Ukimuuliza mtu wa Mbale au Kapchorwa anakumbuka nini siku ile, hatakutajia helikopta. Atakuambia Kiprotich. Ilikuwa siku ya mwisho ya Olimpiki ya London, na Stephen Kiprotich, kijana wa huku kwenye miteremko ya Mlima Elgon, alishinda marathoni kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Uganda ilikuwa haijapata dhahabu ya Olimpiki tangu John Akii-Bua mwaka 1972. Watu waliimba barabarani. Na Jumapili hiyohiyo, wanajeshi wa nchi hiyohiyo walikuwa wamepotea mlimani na hakuna aliyejua waliko.

Walikuwa wanaenda wapi? Somalia. Jeshi la Uganda lilikuwa Mogadishu tangu Machi 2007, chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoitwa AMISOM. Mwezi Agosti 2011 Al-Shabaab waliondoka sehemu kubwa ya Mogadishu, vita vikahamia miji mingine. Huko hakuna barabara za kutegemea, na mwanajeshi akijeruhiwa porini bila ndege anaweza kufa kwa jeraha ambalo daktari angelitibu. Ndiyo sababu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 2036 la Februari 2012, liliongeza wanajeshi wa AMISOM hadi 17,731 na kuruhusu helikopta 12: tisa za uchukuzi na tatu za mashambulizi.

Hesabu hiyo ya tatu muikumbuke. Uganda ilituma helikopta nne kutoka Soroti. Moja ilikuwa Mi-17, ya kubeba watu na mizigo. Tatu zilikuwa Mi-24, za mashambulizi, ambazo pia zina nafasi ya kubeba askari wachache. Zote ni za muundo wa Kirusi. Zilitakiwa kuvuka Kenya, zitue Garissa, kisha ziendelee Somalia. Mi-17 ilifika Garissa salama. Zile Mi-24 tatu hazikufika.

Soroti si mahali pa kubahatisha katika mambo ya ndege. Chuo cha urubani kilianzishwa pale mwaka 1971, wakati wa ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, kufundisha marubani wa Kenya, Tanzania na Uganda. Kwa hiyo hii si hadithi ya watu wasiojua ndege. Ni hadithi ya mlima.

Sasa tuueleze huo mlima, maana kuna wanaodhani helikopta inaweza kupanda popote. Mlima Kenya una mita 5,199 na ni wa pili kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro. Elgon yetu, tunayoiona tukiwa Mbale, ina mita 4,321. Ukifika mita 5,000, hewa inakuwa nyepesi karibu nusu ya ile ya pwani. Helikopta inajiinua kwa kusukuma hewa chini kwa mapanga yake. Hewa ikipungua, mapanga yanazunguka lakini hayapati cha kusukuma, na injini nayo inapungua nguvu. Mi-24 iliyobeba mzigo inaanza kushindwa kabla ya kufika kwenye kile kilele. Maana yake, ukikutana na Mlima Kenya huwezi kuuruka kwa juu. Lazima uuzunguke.

Na ili uuzunguke lazima uuone, au uwe na vifaa vya kukuambia uko wapi hasa. Mwezi wa nane ni msimu wa baridi kwenye nyanda za juu za Kenya. Mawingu yanakaa mlimani siku nyingi. Nanyuki iko upande wa kaskazini-magharibi wa mlima, Garissa iko mbali upande wa mashariki, kwa hiyo anayetoka Uganda kwenda Garissa ana huo mlima jirani na njia yake. Ndani ya wingu rubani haoni kitu. Mwamba uko palepale, mita mia mbili mbele, na yeye anaona weupe tu.

Basi Jumapili ikapita bila habari. Jumatatu watafutaji waliipata helikopta ya kwanza kwenye miteremko ya mlima, na watu wake wakaokolewa wakiwa hai. Fikirieni usiku wao wa kwanza huko juu. Joto linapungua kama digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na usiku kwenye milima hii maji yanaganda. Jumanne mabaki ya zile mbili nyingine yakaonekana, yameungua. Wanajeshi 7 wa Uganda walifariki. Rais Museveni aliunda kamati ya uchunguzi, akamweka Jenerali Salim Saleh kuiongoza.

Zile helikopta tatu za mashambulizi alizoruhusiwa AMISOM, Uganda ilizipoteza zote siku moja, na adui hakufyatua hata risasi moja.

Tulipokuwa tunaandaa andiko hili, ndani ya kundi tulibishana sana, na hatutaki kuwaficha. Kuna wenzetu waliosema: kwa nini tuwaandikie wanajeshi? Sisi wengi tulikimbia kwa sababu ya watu waliovaa sare. Dada mmoja kutoka Somalia akasema kwao mtoto akisikia mlio wa helikopta anaingia chini ya kitanda, haulizi ni ya nani. Mwingine akajibu kwamba bila AMISOM shangazi yake asingerudi Mogadishu kufungua duka. Wote wawili wanasema kweli, na sisi hatuwezi kuwaamulia. Tulichokubaliana ni hiki: mtu aliyepotea mlimani ana mama yake nyumbani, awe amevaa sare au asiwe amevaa. Na sisi kati ya watu wote tunajua kungoja habari za mtu ni kitu gani.

Hapo ndipo historia hii inatugusa. Wale wa helikopta ya kwanza walipatikana kesho yake. Kwa nini? Si bahati peke yake. Kulikuwa na mtu Garissa aliyekuwa anawasubiri. Ilijulikana waliondoka wapi, wako wangapi, majina yao nani, wanatakiwa kufika wapi. Walipochelewa, kuna mtu aliuliza. Na mlima wenyewe una wenyeji na askari wa wanyamapori wanaojua mabonde yake.

Angalieni mifano mingine. Oktoba 1972 ndege ya jeshi la anga la Uruguay iliyobeba timu ya raga, watu 45 kwa jumla, ilianguka kwenye milima ya Andes kati ya Argentina na Chile. Rubani alidhani wameshavuka milima, akaanza kushuka mapema, kumbe bado wako katikati. Ndege ilikuwa nyeupe juu ya theluji nyeupe. Waliotafuta walipita angani wasiione, na baada ya siku nane wakaacha. Manusura walikuwa na redio ndogo, wakasikia kwenye redio hiyo kwamba hawatafutwi tena. Hatimaye vijana wawili, Nando Parrado na Roberto Canessa, walitembea siku kumi hadi wakakutana na mchunga ng'ombe wa Chile, Sergio Catalán, aliyekwenda kuita msaada. Waliorudi nyumbani ni 16, baada ya siku 72.

Mfano mwingine ni wa Alaska. Novemba 1952 ndege kubwa ya uchukuzi ya jeshi la Marekani, C-124 Globemaster, iligonga mlima ikiwa na watu 52. Mabaki yalionekana baada ya siku chache, halafu theluji ikayafunika yote. Barafu ya kule inateremka polepole kama mto, na mwezi Juni 2012, miezi miwili tu kabla ya ajali ya Mlima Kenya, ikaanza kuyatoa mabaki yale chini ya bonde. Baada ya miaka 60 familia zikaanza kupokea mifupa ya watu wao wazike. Wengi wa wazazi walikuwa wameshakufa. Lakini majina yalikuwa yameandikwa, ndiyo maana kazi ile iliwezekana.

Na ndugu zetu wa mashirika hawajasahau Bukavu. Tarehe 1 Septemba 2008 ndege ndogo ya misaada iliyotoka Kisangani iligonga mlima karibu na uwanja wa Kavumu katika hali mbaya ya hewa. Watu 17 walikufa, wengi wakiwa wafanyakazi wa misaada. Wenzetu waliotoka Kivu wanaijua milima ile. Wengine waliivuka kwa miguu usiku.

Tukifika hapo ndipo tunanyamaza kidogo. Maana waliovuka kwa miguu hawakuwa na orodha. Hakuna aliyewasubiri upande wa pili akiwa na karatasi yenye majina. Mtoto alipoachwa nyuma gizani, hakuna redio iliyotangaza kwamba anatafutwa, wala iliyotangaza kwamba hatafutwi tena. Kwenye kundi letu tuna watu wasiojua mpaka leo kama kaka yao yuko hai. Hatusemi hivyo ili kulalamika kwamba wanajeshi walitafutwa. Walistahili kutafutwa. Tunasema kila mtu anastahili.

Kwa hiyo tufanye nini? Tunaweza kuwa sisi wenyewe watu wa Garissa, wale wanaosubiri na kuuliza. Tumekubaliana mambo matatu, na tunawaomba mfanye nasi.

Kwanza, anayesafiri aache habari. Uwe unatoka Jinja kwenda Nakivale, au unarudi Kongo kuangalia shamba, mwachie mtu mmoja unayemwamini jina lako kamili, njia utakayopita, siku ya kufika na namba ya simu ya mwenyeji wako. Siku ikipita, huyo mtu aulize. Asingoje wiki.

Pili, anayemtafuta ndugu aende Msalaba Mwekundu. Wana huduma ya kutafuta watu waliopotezana kwa vita au safari, na hailipiwi. Usione aibu kwamba miaka mingi imepita. Andika jina kama lilivyoitwa nyumbani, jina la baba na mama, kijiji, na mahali mlipoonana mara ya mwisho. Kama jina linaandikwa kwa namna mbili, waandikie zote mbili.

Tatu, tuwaandike wazee wetu. Wanakumbuka nani alitoka na nani, na walipita mto gani, lakini kumbukumbu iko kichwani tu. Daftari la shilingi chache linatosha. Ndugu wa mashirika, mkija kuandikisha watu, tunawaomba muulize pia swali hili: ni nani mliyemwacha njiani? Fomu nyingi zinauliza waliofika tu.

Wanajeshi saba wa Mlima Kenya walirudishwa Uganda wakazikwa kwao. Ni huzuni, lakini familia zao zinajua kaburi liko wapi. Nasi tunataka hilo kwa watu wetu, kama hatuwezi kupata lile kubwa zaidi la kuwaona tena.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaandika jinsi Kiswahili kilivyoingia kambi za jeshi za Jinja tangu enzi za KAR. Mwenye mzee aliyehudumu huko, atutafute tukamsikilize.