Kidato cha Nne Bila Sare: Njia ya Mtahiniwa wa Kujitegemea Bagamoyo

Cheti cha kidato cha nne ndicho kinachoulizwa kwanza katika vyuo na ajira nyingi nchini Tanzania. Aliyeishia darasa la saba, aliyekatiza sekondari na aliyeambulia sifuri wote wanaweza kukipata bila kurudi kuvaa sare. Njia yao ina mitihani miwili: Mtihani wa Maarifa, unaojulikana zaidi kwa jina la QT, na Mtihani wa Kidato cha Nne kwa watahiniwa wa kujitegemea. Yote husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, miaka miwili baada ya nchi kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki.

Marekani ina mtihani wa GED, ulioanza mwaka 1942 kwa ajili ya askari waliokatiza masomo. Anayefaulu hupata hati inayohesabiwa kuwa sawa na ya sekondari. Tanzania haina hati ya pembeni ya namna hiyo. Mvuvi wa Kaole anayejitegemea hufanya mtihani ule ule wa Novemba anaoufanya mwanafunzi wa bweni, na hupimwa kwa alama zile zile. Kinachowatofautisha zaidi ni maandalizi.

Chimbuko

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1975 sheria iliipa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, mamlaka yake yenyewe. Taasisi hiyo ilikuwa imeanza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Chuo cha Makerere, kisha ikawa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo ndiyo inayobeba mpango wa sekondari kwa njia mbadala.

Wilaya ya Bagamoyo ina nafasi yake katika historia hii. Juni 2017, akiwa Chalinze wilayani humo, Rais John Magufuli alisisitiza kwamba msichana aliyepata ujauzito hatarudi katika shule ya serikali. Kwa wasichana hao, madarasa ya nje ya mfumo rasmi yakabaki kuwa tegemeo. Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi shuleni. Njia mbadala haikufutwa. Mama anayelea au aliyevuka umri wa kukaa na watoto wa miaka 14 bado huona inamfaa zaidi.

Hatua zenyewe

Masomo chini ya TEWW yamegawanywa mara mbili. Hatua ya kwanza hukusanya kidato cha kwanza na cha pili ndani ya mwaka mmoja, na mwishoni mwanafunzi hufanya QT. Hatua ya pili hukusanya kidato cha tatu na cha nne, pia kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo miaka minne ya shule hubanwa kuwa miwili. Aliyekwisha kufaulu mtihani wa kidato cha pili shuleni hana haja ya QT.

Usajili wa NECTA hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kupitia kituo cha mtihani. Matokeo ya kidato cha nne kwa kawaida hutoka Januari, hivyo anayetaka kurisiti hana muda wa kuomboleza. Anaweza kusajili masomo machache tu anayotaka kuyaboresha.

Madaraja

Alama A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Huhesabiwa masomo saba bora. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Zaidi ya hapo ni sifuri. Mwenye C tatu na D nne ana pointi 25, daraja la tatu. Mwenye D mbili na F tano ana 33: amefaulu, lakini kwa shida.

Kufaulu tu hakutoshi. Kidato cha tano hudai angalau krediti tatu, yaani C au zaidi. Vyuo vya cheti cha ufundi hudai kwa kawaida D nne, masomo ya dini yakiwa hayahesabiwi. Kwa kijana wa Bagamoyo tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa vyuo viko mlangoni: TaSUBa, iliyotokana na Chuo cha Sanaa cha mwaka 1981, na kampasi ya Mbegani ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi.

Vikwazo vya pwani

Kikwazo cha kwanza ni lugha. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mtu aliyeacha kalamu miaka kumi iliyopita huanza na Kiingereza kabla hajaifikia Baiolojia yenyewe. Pili, masomo ya sayansi yana mitihani ya vitendo, na darasa la jioni aghalabu halina maabara. Ndiyo maana wengi hukimbilia sanaa na biashara. Tatu ni ratiba. Mkulima wa mwani wa Mlingotini huingia shambani bamvua linapokausha pwani, na saa ya maji kupwa hubadilika kila siku. Darasa lililopangwa saa kumi jioni mwaka mzima litampoteza wiki nyingi. Nne, alama za mwanafunzi wa shule huchanganywa na tathmini endelevu, ilhali anayejitegemea hutegemea karatasi za Novemba pekee.

Anayetaka kuanza aulize kwanza ofisi ya elimu ya watu wazima ya halmashauri kama kituo anachokusudia kimesajiliwa. Kisha achague masomo kwa kuangalia chuo anachokitaka, na ajisajili mapema. Ada iliyolipwa kwa kituo kisichotambulika haimpi mtu namba ya mtihani.